Kusomea Shahada ya Hali ya Hewa Ukitokea Dodoma: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwezi wa kumi hapa Dodoma mawingu hujikusanya mchana, yanavimba, yanakuwa meusi kwa chini, na watu wanaanza kuanua nguo kambani. Ikifika saa kumi na moja jioni yote yametawanyika na vumbi liko palepale. Kama umewahi kusimama uani ukajiuliza mvua ile imekwenda wapi, umeshauliza swali la mwaka wa pili wa shahada ya hali ya hewa. Nitalijibu hapo chini, kwa hesabu unayoweza kuifanya mwenyewe.

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, vijana wawili watatu hunitafuta, au wazazi wao, kuuliza habari za shahada hii niliyoisoma. Jambo moja huwaambia kabla ya mengine yote. Wengi wanaokwama humo si wavivu wala si wazito wa kichwa. Wamefika chuoni na hesabu za kukariri, wakakutana na milinganyo ya upepo ambao hawajawahi kuutazama. Aliyekwisha kuipima anga ya kwao kwa mikono yake, hata kwa ndoo na bomba la sindano, kila kanuni anayofundishwa inapata pa kushika. Kwa hiyo fomu na maombi nitavieleza, lakini uzito wa mwongozo huu uko uani kwenu.

Hatua ya 1: Elewa unachokwenda kusoma

Hii ni fizikia ya hewa na maji. Utasoma jinsi joto linavyosafiri, hewa inavyopanda na kushuka, matone yanavyozaliwa ndani ya wingu, mionzi ya jua inavyogawanyika, hewa inavyokwenda juu ya dunia inayozunguka. Kisha takwimu, kisha programu za kompyuta. Jiografia itakusaidia, ila haitakubeba. Aliyeikimbia hisabati kidato cha tano asidhani kwamba hapa atapumzika.

Zoea mapema kutenganisha hali ya hewa na tabianchi. Hali ya hewa ni mambo ya leo, kesho na siku chache zijazo. Tabianchi ni tabia ya mahali kwa miaka mingi, kwa kawaida 30, na kipindi cha kulinganishia kinachotumika sasa ni 1991 hadi 2020. Mtu akisema "mwaka huu joto limezidi," muulize limezidi lipi.

Ukitaka kujua kwa nini fani hii ina uzito kwetu sisi wa kanda ya kati, nenda Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza pale mradi mkubwa wa karanga, na matrekta yakaletwa kwa wingi. Udongo wake mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kama sakafu, mvua haikutosha wala haikutabirika, na kumbukumbu za mvua za eneo lile zilikuwa haba mno kubebeshwa mpango wa ukubwa ule. Mwaka 1951 mradi ukafutwa. Kila ninapopita Kongwa nafikiria hilo: fedha zilikuwapo, mashine zilikuwapo, kilichokosekana ni mtu mwenye daftari la mvua la miaka mingi na wa kumsikiliza.

Hatua ya 2: Chagua njia ya kuingilia

Tahasusi mbili zinakuweka vizuri: PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) na PGM (Fizikia, Jiografia, Hisabati). Fizikia na Hisabati ndizo nguzo. Kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, kwa anayetoka kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili ya msingi wenye jumla ya pointi 4.0, na chuo kinaweza kuongeza masharti yake juu ya hapo. Soma mwongozo wa udahili wa mwaka wako mwenyewe. Usitegemee alioutumia kaka yako, maana masharti hubadilika.

Kwa hapa nchini, shahada yenye jina hilo hasa inatolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chini ya Idara ya Fizikia, kwa miaka mitatu. Nje ya mipaka, Chuo Kikuu cha Nairobi na Makerere wana historia ndefu katika fani hii. Kwa hiyo mtoto wa Dodoma ajiandae kuhama nyumbani, hata kama makao makuu ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, yako humuhumu mjini kwetu.

Kuna mlango mwingine ambao watu huudharau bila sababu: Chuo cha Taifa cha Hali ya Hewa kilichoko Kigoma, kinachofundisha ngazi ya kati. Mhitimu wake ndiye anayesimama kituoni kupima, kusimba na kutuma taarifa. Nimefanya kazi na watu waliopitia Kigoma kwanza kisha wakaenda shahada, na wanapokuwa darasani wanaijua ala kabla mwalimu hajaichora ubaoni. Anayetoka stashahada huhitaji wastani usiopungua GPA 3.0 kuingia chuo kikuu. Kama pointi zako za kidato cha sita hazikutosha, usikate tamaa kabla hujaifikiria njia hii.

Hatua ya 3: Maombi na fedha

Hapa sitakaa sana. Omba chuo mara dirisha linapofunguliwa. Omba mkopo Bodi ya Mikopo, HESLB, bila kusubiri jibu la chuo. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA mapema, na kama umefiwa na mzazi, cheti cha kifo nacho. Nyaraka hizi ndizo zinazochelewesha watu. Majina kwenye vyeti vyako vyote yafanane herufi kwa herufi. Kama ufaulu wako wa sayansi ni wa juu sana, fuatilia pia ufadhili wa Samia.

Bumu likiingia, kompyuta mpakato iliyotumika lakini nzima itakufaa kuliko simu mpya. Utaona sababu kwenye hatua ya 6.

Hatua ya 4: Anzisha kituo chako kabla ya kufika chuo

Kati ya mtihani wa kidato cha sita na kufungua chuo una miezi kadhaa, na chuo kinapofunguliwa, mvua za Dodoma ziko karibu kuanza. Itumie.

Tafuta ndoo ndogo ya rangi yenye ukuta ulionyooka na mdomo wa kipenyo cha sentimita 20. Eneo la mdomo huo ni sentimita za mraba 314. Sasa fikiri: mvua ya milimita 1 ni lita 1 ya maji kwa kila mita moja ya mraba, kwa hiyo ndoo yako itapokea mililita 31.4 kwa kila milimita. Nunua bomba la sindano la mililita 50 duka la dawa. Ukivuta maji ya asubuhi yakawa mililita 157, gawa kwa 31.4: imenyesha milimita 5. Hesabu hiyo ukiifanya mara ishirini kwa maji uliyoyashika mwenyewe, hakuna mwalimu atakayekuchanganya juu ya maana ya milimita ya mvua.

Iweke wazi, mbali na ukuta na miti. Kama mwembe una urefu wa mita 6, kaa mita 12 kutoka hapo au zaidi. Mdomo uwe kama sentimita 30 kutoka ardhini ili maji yanayoruka kutoka kwenye udongo yasiingie. Izungushie mawe isipinduliwe na upepo. Na ukiishi Chamwino, Bahi au Hombolo, izungushie pia miiba, kwa sababu mbuzi atakunywa takwimu zako. Juu weka faneli yenye mdomo wa upana uleule, maji yasikauke kabla hujayapima.

Soma kila siku saa tatu asubuhi. Si saa tatu na nusu, si ukikumbuka. Vituo vya dunia nzima hupima kwa saa ya pamoja, iitwayo UTC, na saa tatu yetu ya asubuhi ni saa 06 ya UTC. Hapa sisi wa Kiswahili tuna wepesi wetu. Saa yako ya mchana iongeze tatu, umepata UTC: saa tisa alasiri ni 12, saa sita mchana ni 09. Saa kumi na mbili asubuhi ihesabu sifuri, utapata 03. Usiku ongeza kumi na tano badala ya tatu, na jibu likifika 24 au kuzidi, toa 24. Wenzako watahangaika na jambo hili muhula mzima, nawe unalo kichwani tangu utoto.

Daftari lako liwe na safu chache: tarehe, mvua, upepo unatoka wapi, mawingu, na maelezo. Upepo huitwa kwa upande unakotoka. Kitambaa chepesi juu ya mti mrefu kinatosha kukuonyesha. Mawingu hupimwa kwa nane: igawe anga kwa macho vipande vinane, hesabu vingapi vimefunikwa. Kwenye maelezo andika uliyoyaona: radi upande wa kusini, ukungu bondeni, upepo wa ghafla saa kumi.

Kuna kanuni moja ya daftari ambayo nitairudia baadaye, kwa sababu ilinigharimu. Siku isiyo na mvua andika 0.0. Siku uliyosafiri na hukupima, andika "haikupimwa". Usiache wazi, na usibuni. Mvua iliyolowesha ndoo lakini haipimiki, andika "manyunyu tu". Hivyo ni vitu vitatu tofauti kabisa.

Simu yako kama ina kipima mgandamizo wa hewa, ifungue leo. Hapa mjini, kwenye mwinuko wa mita 1,120 hivi, itakuonyesha takriban hektopaskali 890, wakati vitabu vinasema 1,013. Simu haijaharibika. Ile 1,013 ni ya usawa wa bahari. Siku ukipanda treni ya SGR kwenda Dar es Salaam, ishike mkononi: namba itaanza kupanda treni ikishuka, Morogoro itakuwa karibu na 955, na ukifika Dar inapita 1,000. Umeona kwa macho yako kwamba hewa ina uzito na kwamba wa bondeni wamebebeshwa zaidi. Nilisoma kanuni ile kwenye kitabu nikaifaulu, niliielewa safarini.

Hatua ya 5: Kila hesabu ilete Dodoma

Vitabu vingi utakavyopewa vimeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani kwa ajili ya anga yao. Vinazungumza muda mrefu juu ya theluji na mipaka ya hewa baridi na joto. Fizikia ni ileile, lakini uzito wa vipande vyake unabadilika ukikaribia ikweta, na usipolijua hilo utafaulu mtihani kisha ushindwe kutabiri mvua ya kwenu.

Chukua nguvu ya Coriolis, ile inayopindisha upepo kwa sababu dunia inazunguka. Kipimo chake ni mara mbili ya kasi ya mzunguko wa dunia, zidisha kwa sini ya latitudo. Dodoma iko digrii 6 na kidogo kusini. Fanya hesabu: unapata kama 0.000016 kwa sekunde. London, kwenye digrii 51.5, unapata 0.000114, yaani karibu mara saba. Kitabu kinaposema upepo hufuata mistari ya mgandamizo sawa, kinasema kweli kwa London. Kwetu nguvu hiyo ni dhaifu, na mtabiri wa hapa hutazama zaidi upepo wenyewe: unakutana wapi, unatawanyika wapi, umebeba unyevu kiasi gani, umetokea baharini au misitu ya Kongo.

Sasa lile swali la mwezi wa kumi. Hewa ikipanda bila kupewa wala kunyang'anywa joto, hupoa takriban digrii 9.8 kwa kila kilomita, hadi pale mvuke unapoanza kuwa matone. Ipo kanuni ya haraka ya kukadiria kimo cha kitako cha wingu: toa joto la umande (yaani joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo mvuke wake huanza kuwa matone) kwenye joto la hewa, zidisha kwa 125, unapata mita. Tuseme alasiri ya Oktoba joto ni 31 na joto la umande ni 13. Tofauti ni 18. Mara 125 ni mita 2,250. Kitako cha wingu kiko zaidi ya kilomita mbili juu ya kichwa chako, na katikati hapo hewa ni kavu. Matone yanayodondoka yanakauka njiani. Ukitazama kwa makini utaona mistari ya kijivu inaning'inia chini ya wingu na kukatika kabla ya kufika ardhini. Na kule kukauka kunaipoza hewa, inakuwa nzito, inashuka kwa kasi na kutawanyika: ndio ule upepo wa ghafla wenye vumbi na ubaridi unaofunga milango. Mvua yako imekwenda huko.

Rudia hesabu hiyo mwishoni mwa Novemba au Desemba, joto likiwa 30 na umande 18. Kitako kimeshuka hadi mita 1,500 na hewa ya chini imelowa. Hapo matone yana nafasi ya kufika. Jua limekwenda kusini, ukanda wa mvua umelifuata, na msimu wetu wa Novemba hadi Aprili umeingia. Sisi Dodoma na Singida tuna msimu mmoja wa mvua. Vuli na masika ni za kaskazini na pwani ya kaskazini. Usishangae ukikutana na mwanafunzi wa Tanga anayezungumza habari za masika, ukadhani umesahau kitu.

Kila mada mpya ifanyie hivyo. Ukisoma vimbunga, uliza kimbunga kilichoko Mlango-Bahari wa Msumbiji kinafanya nini na unyevu wa Dodoma: wakati mwingine huvuta upepo wa magharibi wenye mvua, wakati mwingine hunyonya unyevu tukabaki wakavu. Ukisoma El Niño, tafuta takwimu za 1997 na 1998 za mkoa wako, uone mto gani ulifurika.

Darasani uliza. Nasema kwa mkazo kwa sababu vijana wetu wengi tumelelewa kunyamaza mbele ya mwalimu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wa maziwa wa moto unaganda kabla ya uliopoa. Aliuliza, akachekwa. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena mbele ya mgeni, profesa wa fizikia Denis Osborne kutoka Dar es Salaam, naye akaenda kulijaribu. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja, na wanafizikia wanalijadili jambo hilo mpaka leo. Lilikuwa swali la joto na maji, na joto na maji ndiyo kazi yetu.

Hatua ya 6: Kompyuta, na takwimu za watu wengine

Jifunze Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kabla ya mwaka wa pili. Huhitaji kuwa fundi: uweze kufungua faili la mvua, kujumlisha kwa mwezi, kuchora mchoro, kutafuta siku kavu zinazofuatana. Mfumo endeshi wa Linux utakuja, na WRF, modeli ya kompyuta ya kutabiri hali ya hewa, pia, lakini hizo zitasubiri.

Takwimu za mazoezi zipo za bure. CHIRPS ina makadirio ya mvua ya satelaiti yaliyochanganywa na vituo, kuanzia 1981. ERA5 inarudi nyuma hadi 1940 na ina joto, upepo na unyevu. Pakua za eneo la kijiji chenu, zilinganishe na daftari lako. Zitatofautiana. Kaa na tofauti hizo, ujue lini satelaiti inazidisha na lini inapunguza. Hakuna kozi itakayokupa jicho hilo haraka kuliko daftari.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la kutafuta siku mvua zilipoanza. Kigezo kimoja kinachotumika Afrika Mashariki ni hiki: jumla ya milimita 20 au zaidi ndani ya siku tatu, na katika siku 21 zinazofuata kusiwe na siku saba mfululizo za ukavu. Andika programu ndogo, ipitishe kwenye miaka 40 ya kijiji chenu. Utaiona miaka ambayo mvua ya kwanza ilimdanganya mkulima: milimita 20 zikaja, watu wakapanda, kisha jua kali wiki mbili na mbegu zikafia ardhini. Kila msimu wa namna hiyo kwenye skrini yako una kaya zilizonunua mbegu mara mbili.

Sasa ile kanuni ya daftari. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ulikuwa wa ukame kanda ya kati, na kituo kimoja kilinipa Januari yenye mvua sifuri mwezi mzima. Nilifurahi, nikaandika kurasa tatu kueleza ukame ule. Msimamizi wangu alizisoma, akaniuliza vituo jirani vilipata kiasi gani Januari hiyo. Nikaangalia: vyote vilikuwa na zaidi ya milimita 100. Kumbe siku zile hazikupimwa, sehemu ziliachwa wazi, na programu yangu ikazijaza sifuri bila kuniuliza. Nilirudia hesabu za mradi mzima ikiwa imebaki wiki moja na nusu kukabidhi. Tangu hapo, faili lolote nikipewa, kabla ya mchoro wowote nahesabu siku zisizopimwa.

Hatua ya 7: Mafunzo kwa vitendo na kazi

Omba nafasi ya mafunzo kwa vitendo mapema, kwa barua nadhifu inayosema unataka kujifunza nini hasa. "Naomba nafasi ya field" peke yake haimsaidii anayekupokea. Ukiambatisha miezi sita ya daftari lako la mvua, barua yako haitafanana na nyingine zilizopo mezani. Kituoni fika kabla ya saa ya kupima, omba kufungua mwenyewe kile kibanda cheupe chenye mbavu kinachohifadhi vipimajoto, na soma kipimajoto macho yakiwa sawa na mstari.

Kama bado uko shule, nenda maonyesho ya Nane Nane pale Nzuguni, tafuta banda la TMA, uliza maswali yako. Tarehe 23 Machi, Siku ya Hali ya Hewa Duniani, nayo ni nafasi nzuri ya kukutana na wataalamu.

Kuhusu ajira nitasema ukweli. TMA ndiye mwajiri mkuu na nafasi zake si nyingi. Hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira kama za taasisi nyingine za serikali. Usijifungie hapo. Ofisi za mabonde ya maji, ikiwemo ya Bonde la Kati iliyoko Singida, zinahitaji watu wanaoelewa mvua na mito. Kuna kilimo, bima ya mazao, usafiri wa anga, uzalishaji wa umeme wa maji, usimamizi wa maafa. Anayejua anga na kompyuta kwa pamoja huchukuliwa haraka kuliko anayejua kimoja.

Andika utabiri wako wa kesho kila jioni, kwa asilimia, kisha ujisahihishe. Ukisema asilimia 70 mara kumi, mvua inyeshe mara saba hivi. Ikinyesha mara zote kumi, ulikuwa mwoga. Lakini utabiri huo ubaki kwenye daftari. Usiusambaze kwenye makundi ya simu. Sheria ya mwaka 2019 imeipa TMA dhamana ya kutoa utabiri na tahadhari kwa umma, na iko sababu: Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu Mei 2024, wavuvi walihitaji kusikia sauti moja.

Hatua ya 8: Jizoeze kuusema utabiri kwa Kiswahili

Utasoma kwa Kiingereza miaka mitatu, kisha utarudi kwa watu wanaolima kwa Kiswahili na Kigogo. Anza mapema. Chukua neno "wastani". Katika utabiri wa msimu, mvua za wastani ni zile zilizo kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa miaka mingi. Tuseme kituo kina wastani wa milimita 560, kiasi kinachokaribia hali ya Dodoma. Basi milimita 420 ni wastani, na milimita 700 ni wastani. Kwa mkulima wa mahindi hiyo ni miaka miwili tofauti kabisa. Na hata hizo 560 zikija zote kwa mafuriko matatu, gunia halijai. Kwa hiyo pamoja na kiasi, eleza mtawanyiko: mvua zinatarajiwa kuanza lini, ukavu wa katikati ya msimu unaweza kuangukia wapi, zitakoma lini.

Shangazi yangu analima mtama na karanga Mvumi. Nilipomaliza mwaka wa kwanza nilimweleza habari za uwezekano wa asilimia, akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Sasa baba, nipande au nisipande?" Sikuwa na jibu. Mwaka uliofuata nilimjia na mchoro wa miaka 30 ya kijiji chake, nikamwonyesha kwamba karibu kila miaka minne mvua ya kwanza hukatika. Aliuangalia mchoro ule muda mrefu, akaniuliza mwaka fulani ni upi, akauona kwa kidole, akasema ndio, mwaka huo walikula mbegu. Siku hizi mvua ya kwanza ikishuka anapanda nusu ya shamba, nusu ya mbegu inabaki ndani ya kibuyu juu ya dari, akisubiri nimpigie simu.